Fundi Aliyekataa Kuitwa Msanii

Kabla sijauona ukumbi nilisikia mlango wake. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi usawa wa mabega, jinsi unavyoshuka Eldoret msimu wa baridi, nami nilikuwa nimesimama kando ya barabara ya Huruma na viatu vipya, nikijiuliza kama nimepotea. Ndipo chuma kikaburuzwa juu ya simiti mahali fulani mbele yangu. Mlio ulianza kama mkwaruzo, ukapanda ukawa kilio chembamba, kisha ukakatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Nikaufuata. Hivyo ndivyo nilivyofika kazini siku ya kwanza, na ndivyo nilivyofika siku nyingine nyingi, kwa sababu ukungu haukuacha kushuka na mlango haukutengenezwa.

Aliyekuwa akiufungua ni Madam Jerop, mkuu wa ukumbi wetu wa jamii, mwanamke mrefu aliyevaa sweta ya kijani na gambuti za shambani. Alinitazama viatu kwanza.

"Wewe ndiye Nafula? Karibu. Mlango unalia. Usijaribu kuutia mafuta."

Nilidhani ni mzaha. Wiki hiyohiyo nilikuja na mafuta ya cherehani kwenye mkoba, na Madam Jerop akaninyang'anya kichupa, akakiweka juu ya kabati ambako, nyinyi mnaobaki, mtakikuta hadi leo.

Kiprono, aliyeirithi meza yangu, ameniomba niwaandikie yale ninayokumbuka. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo yako kwenye faili, na hata faili limeyachoka. Nitawaambia habari za mlango, za viti, na za mtu mmoja aliyetaka mahali pa kufanyia kazi yake na akakaribia kupakosa kwa sababu ya neno moja.

Kazi yetu mnaijua. Nusu yake ni kuandaa siku za sanaa: kwaya za wamama kutoka Kiplombe, vijana wa mashairi ya Sheng, wacheza ngoma ya sukuti, wachoraji, wafumaji. Nusu nyingine ni kutafuta wafadhili na kuyaelewa maneno yao. Madam Jerop alinifundisha nusu zote mbili kwa pamoja, akitembea, kwa sababu hakuwahi kuketi.

Alianza na viti. Viti vya plastiki usivipange kabla watu hawajafika. Ukiujaza ukumbi viti na watu wakawa wachache, mgeni wa heshima ataona utupu, na utupu huo ataupeleka Nairobi. Weka vichache, kisha vijana waendelee kuleta vingine kadiri watu wanavyoingia. Kila mtu ataamini kwamba sherehe imefurika. Maikrofoni ifungwe leso, kwa sababu kila mheshimiwa hupuliza kwanza ndipo aseme. Waya wa umeme usipite mlangoni. Chai ya wazee itangulie hotuba, la sivyo hotuba itafupishwa na wazee wenyewe.

Halafu maneno. Wafadhili wakisema walengwa, alinieleza, wanamaanisha yule mama wa kwaya na watoto wake. Wakisema athari, wanataka kujua kuna nini kilichobadilika. Niliwahi kumshuhudia mcheza sukuti akiulizwa na wageni athari za kazi yake zitapimwaje. Alifikiri kidogo, akavua shati na kuwaonyesha jasho. Wageni waliandika. Sijui waliandika nini, lakini walirudi mwaka uliofuata.

Na mwisho akanifundisha mlango. Meza yake iliupa mlango mgongo, na sikuelewa kwa nini mpaka nilipomwona akisikiliza. "Ofisa husukuma kwa bega," aliniambia. "Unalia mara moja, kwa kelele. Mcheza ngoma husukuma kwa mguu maana mikono imejaa. Mtu anayekuja kuomba msaada kwa mara ya kwanza husukuma kwa kiganja, kidogo, anaacha, kidogo tena. Huyo unamwekea chai kabla hajafika mezani, ndio asigeuke."

Nilizinywesha chai aibu za watu wengi kwa ajili ya somo hilo. Madam Jerop alipostaafu na kurudi kwa ng'ombe wake Kiplombe, niliirithi meza na sikuigeuza.

Sasa nifike kwa Mzee Abdi.

Sahra, binti yake, ndiye aliyekuja kwanza. Aliusukuma mlango kwa kiganja, kidogo, akaacha, kidogo tena. Alipofika mezani chai ilikuwa tayari. Alikuwa na rangi ya manjano chini ya kucha na hijabu iliyofungwa kwa haraka.

"Madam, nimeskia kuna watu wanasaidia wasanii," alisema.

Alikuwa amesikia sawasawa. Shirika moja lilikuwa limetangaza kwamba litamlipia msanii wa hapa mjini mahali pa kufanyia kazi na vifaa vyake, ili naye awafundishe wengine. Sahra alinieleza habari zao. Baba yake aliandika malori kwenye yadi iliyo nyuma ya soko: majina, maua, simba, maneno ya mlangoni na ya ubao wa nyuma. Yeye mwenyewe alijifunza kushika brashi kabla ya kalamu. Lakini siku hizi wenye malori walikuwa wakinunua stika zilizochapishwa, zinazobandikwa mtu akiwa anakunywa soda. Na sasa mwenye yadi alitaka kufungua mahali pa kuoshea magari. Alikuwa amewapa mpaka mwisho wa mwaka.

"Tukikosa hii, buda ataenda Garissa kwa binamu yake kulinda stoo," Sahra alisema. "Hatashika brashi tena. Namjua. Ataificha mahali hata mimi sitaiona."

Nilimwambia aje na baba yake.

Siku aliyokuja sikusikia kitu. Niliinua macho na kumkuta mzee mwembamba mwenye ndevu za hina amesimama mbele yangu, Sahra akiwa nyuma yake. Mlango haukulia. Sahra aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameushika mpini, akaunyanyua kidogo kabla ya kuusukuma, na ukapita juu ya simiti kama pazia.

"Hinji ya juu imechoka," alisema baada ya salamu, akiionyesha bawaba ya mlango.

"Tunajua, Mzee. Tunaupenda hivyo."

"Sawa. Kila nyumba na mgonjwa wake."

Nikamweleza utaratibu. Waombaji wote wangekuja kwenye siku yetu ya sanaa. Kila mmoja angesimama mbele ya watu wake na mbele ya jopo kutoka Nairobi, aseme yeye ni msanii wa nini, kisha aonyeshe kazi. Sharti lenyewe lilikuwa hilo tu. Nililisema kwa furaha, maana nimeona masharti marefu kuliko mto Sosiani.

Mzee Abdi akaweka kikombe chini.

"Hapo ndio kuna shida, Madam. Mimi si msanii."

"Mzee, wewe unachora simba ambaye mbwa wakimwona wanabweka. Binti yako ameniambia."

"Simba ni sawa. Shida ni hiyo neno. Kule yadi ukiambiwa fulani ni msanii, unashika mfuko."

Sahra akafunika uso. Mimi nikacheka, naye hakucheka.

"Madam, sikiza. Dereva ananiachia lori. Ananiachia funguo, ananiachia mzigo, anaenda kulala. Analala kwa nini? Kwa sababu mimi ni fundi. Msanii huwezi kumwachia hata baiskeli. Leo nisimame mbele ya watu niseme mimi ni msanii, kesho nani ataniletea gari?"

"Buda, hiyo ni Sheng tu," Sahra alisema. "Hawa wanamaanisha mtu wa sanaa."

"Na mimi naishi wapi? Kwa Sheng ama kwa hawa?"

Nyinyi wenyewe mnajua jinsi neno hilo lilivyogeuka midomoni mwa watu. Fundi akikimbia na kazi yako, huo ni usanii. Mwanasiasa akilia kwenye mazishi ya mtu asiyemjua, usanii mtupu. Tumefanya kazi miaka yote chini ya bango lililoandikwa SIKU YA WASANII na kila mwaka kuna mlevi anayepita nje akisema afadhali wametengewa siku yao. Nilikuwa nimezoea. Lakini sikuwahi kukutana na mtu ambaye neno hilo lingeweza kumnyima kazi.

Nikajaribu neno lingine. Mchoraji?

"Mchoraji huchora. Mimi naandika gari."

Nilikwenda kumwona akiandika. Ilikuwa yadi ya matope na matairi, yenye banda la mabati upande mmoja na makopo ya rangi yaliyopangwa kama viungo jikoni. Dereva mmoja wa Bungoma, Wafula, alikuwa ameleta lori lake. Nilitarajia kazi ianze. Badala yake Mzee Abdi alimketisha Wafula kwenye tairi, akamtilia chai ya rangi, akaanza kumuuliza maswali. Umetoka wapi? Barabara ilikuwaje? Nyumbani nani anakungoja? Wafula, mtu mnene wa maneno mengi, alieleza kwamba mama yake hupiga simu kila jioni na kila jioni humjibu jambo lilelile. Mzee Abdi akauliza ni jambo gani. Jioni hiyo lori liliondoka limeandikwa nyuma, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, MAMA NIKO NJIANI. Hakumpa mtu mwingine maneno hayo tena, ingawa waliyaomba. Maneno ya mtu, alisema, ni kama viatu vyake.

Nilirudi nikampigia simu mtu wa shirika. Akanisikiliza vizuri. Kama ni fundi, alisema, mfuko wake upo, ule wa mafundi wa jua kali. Nikapiga kule kwa jua kali. Wakauliza anatengeneza nini. Nikasema anaandika malori, maua, simba, na maneno. Maua? Huyo ni msanii, wakasema, arudi kwenu. Nilikaa na simu mkononi kama mtu aliyetumwa kununua chumvi kwenye duka la viatu.

Jumamosi nikaenda Kiplombe kwa Madam Jerop. Alikuwa akikamua, na hakuacha kukamua. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mbele ya mkia wa ng'ombe, mahali asipopendekeza mtu yeyote mwenye akili. Nikamwambia nimejaribu mchoraji, nimejaribu mwandishi wa magari, nimejaribu mtaalamu wa rangi, na mzee amekataa yote.

"Alikuja kukuomba jina?" aliuliza.

"Hapana."

"Alikuja kukuomba nini?"

"Mahali pa kupaka rangi."

"Sasa kwa nini unampelekea majina? Jina analo." Akasogeza ndoo. "Waombe wale wamwangalie kwanza. Ulimi ungoje mkono. Na usimame hapa kando, huyo hupiga teke."

Jumatatu niliwapigia watu wa shirika na kuwaomba jambo moja, kwamba Mzee Abdi afanye kazi yake kwanza, azungumze baadaye. Wakakubali, mradi mwishoni ajitambulishe. Nikamwambia Mzee Abdi vilevile, nikamwambia pia kwamba hakuna atakayemlazimisha kusema neno asilolitaka. Alifikiri, akatazama makopo yake. "Nitakuja kama fundi," alisema. "Wakinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa kama fundi."

Siku yenyewe ilipambazuka na mawingu. Viti vilianza vichache, kama ilivyo sheria. Wamama wa Kiplombe waliimba, watu wa sukuti wakatimua vumbi, mheshimiwa mmoja akapuliza leso. Jopo lilikuwa la watu wachache, na aliyeliongoza alikuwa mama mmoja wa miwani, mpole, aliyekuwa akiuliza maswali kwa Kiswahili cha shuleni. Nyuma kabisa walikuja madereva. Wafula alikuwa ameegesha lori lake nje na kuwaleta wenzake, wakasimama ukutani na mikono kifuani kama watu waliokuja kumwangalia ndugu yao akifanya mtihani. Mzee Abdi na Sahra walikuwa wameleta ubao wa nyuma wa lori, umepakwa buluu, wakauegemeza jukwaani.

Kiprono, hapa unajua ninafika wapi. Ulikuwa mgeni kazini na ulikuwa umeshika maikrofoni. Nilikuambia mtambulishe kwa jina tu. Ukakubali kwa kichwa. Lakini maikrofoni ina pepo wake, hasa watu wakiwa wengi na ukiwa na suti mpya.

"Makofi, makofi!" ulisema. "Sasa namkaribisha kutoka hapa Huruma, msanii wa malori, msanii mkubwa, msanii wa wasanii, Mzee Abdi!"

Makofi yalianza, yakafia njiani. Kisha sauti ikatoka ukutani kwa madereva.

"Msanii? Kwani Abdi umekula nani?"

"Wasee, shikeni funguo zenu!"

Ukumbi wote ukacheka. Kilikuwa kicheko cha mtaa, bila uovu ndani yake, cha aina ile ambayo kesho yake hurudiwa kwenye kibanda cha chai, na kesho kutwa huwa jina la mtu. Sahra alifumba macho. Mzee Abdi alikuwa ameshaichovya brashi. Nilimwona akiirudisha kwenye kopo, polepole, kisha akautazama mlango. Ulikuwa wazi. Nilijua angeweza kutoka bila mlango kutoa hata mkwaruzo mmoja, na kwamba akitoka ataenda moja kwa moja hadi Garissa.

"Kwa nini wanacheka?" mama wa miwani aliniuliza.

"Naomba tungoje kidogo," nilimwambia.

Mzee Abdi akainama. Nilidhani anakusanya vitu vyake. Alipoinuka alikuwa na kamba iliyopakwa chaki. Sahra, aliyemfahamu baba yake kuliko sote, akaishika ncha ya pili bila kuambiwa. Wakaivuta juu ya ubao, mzee akaivuta katikati kama uzi wa upinde, akaiachia. Pa. Mstari mweupe. Wakashuka. Pa. Mstari wa pili. Kicheko kikapungua, maana watu hawawezi kucheka na kusubiri kwa wakati mmoja.

Akaanza kuandika. Hakuchora kwanza, hakupima. Herufi zilitoka brashini zimeshaiva. Watoto wa mbele wakaanza kuzisoma kwa sauti kama darasani, na wakubwa wakajiunga.

"Em. Es. A."

"Anajiandikia kesi," mtu akasema ukutani.

"En. I. I."

Neno lilisimama pale, la manjano juu ya buluu, kubwa, MSANII. Alikuwa amekataa kulisema neno hilo mbele yangu, na sasa alikuwa ameliandika mbele ya mtaa mzima. Akachovya tena. Akaongeza NI. Akasogea hatua moja, akaandika neno la mwisho kwa haraka, kama mtu anayefunga mlango wa lori na kupiga ubao ili dereva aende.

MSANII NI WEWE.

Akageuka, akamnyooshea brashi yule dereva aliyeuliza amekula nani.

Ukumbi ulipasuka. Wafula aliinama mpaka kofia ikaanguka. Wamama wa Kiplombe walipigana mabega. Yule dereva alijigonga kifua akisema, "Nimepatikana, Mzee, nimepatikana." Ndani ya kicheko hicho Mzee Abdi alirudi kwenye ubao wake, akaanza kuzipa herufi vivuli vyekundu bila haraka, na Sahra akaanza ua kwenye kona. Kazi ni lazima imalizwe.

"Sasa nieleze," mama wa miwani alisema.

Nikamweleza kwamba huku kwetu msanii ni mtu wa sanaa, na pia ni mtu anayekutapeli, na kwamba mzee ameandika yote mawili kwa maneno matatu, na amewarudishia waliomtania. Aliutazama ubao kwa muda. Kisha akacheka, kwa kuchelewa na peke yake, na ukumbi ukacheka tena kwa kumwona akicheka.

"Mzee," alisema alipopata sauti, "kazi tumeiona. Tunaomba tu ujitambulishe."

Mzee Abdi aliipokea maikrofoni kwa leso yake, akaishika mbali kama kitu kinachovuja.

"Mimi naitwa Abdi. Mimi ni fundi wa kuandika gari. Kama mimi ni msanii, ulizeni hao hapo nyuma."

"Ni msanii!" Wafula alijibu kutoka ukutani. "Msanii kabisa! Lakini funguo za gari langu ako nazo yeye, tangu asubuhi!"

Mzee Abdi akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa funguo, akazitikisa. Zililia kidogo kwenye maikrofoni.

Majibu hayakuja siku hiyo. Hayaji kamwe siku hiyo, na mjizoeze. Mvua za alasiri zilinyesha, mwenye yadi alileta mafundi wa kupima bomba, na kila nilipopita nyuma ya soko nilitazama kama makopo bado yapo. Ofisini nilisikiliza mlango kuliko nilivyowahi kuusikiliza. Bega. Mguu. Bega. Mtu wa kusoma mita.

Kisha, alasiri moja, mlango ulilia kwa namna nisiyoijua. Haukuwa mkono, bega wala mguu. Ulikuwa mwili mzima. Sahra aliingia amelowa, akafika katikati ya ukumbi na kuketi chini sakafuni.

"Wamesema ndiyo," alisema. "Wamempigia simu. Amewajibu, sawa, halafu amerudi kupaka rangi. Amenituma mimi nikuje nilie kwa niaba yake."

Nikaketi chini karibu naye, na sketi yangu ya kazi. Mabega yangu yalishuka mahali ambapo nilikuwa nimesahau kwamba mabega hukaa. Tulibaki pale tukisikiliza mvua ikipiga mabati, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi ilikuwa mvua tu. Haikuwa mvua ya kuharibu waya wala ya kuzuia wageni.

Yadi ipo. Mmeiona. Mwenye yadi alipata mpangaji anayelipa, akaenda kuoshea magari kwingine. Vijana wa mtaa wanajifunza pale, wengine wanaandika vibanda, wengine wanaandika makanisa. Ule ubao wa buluu unaning'inia langoni, na madereva wameomba maneno yake mpaka wamechoka. Mzee Abdi hamwandikii mtu. Anasema yana mwenyewe. Na tangazo la shirika lililofuata lilisema "wasanii na mafundi". Nililisoma mara mbili, nikampelekea Madam Jerop, naye akasema walikuwa wamechelewa, kisha akaomba nimwachie karatasi hiyo.

Wengi wameniuliza kama ninaona uchungu kuondoka. Nawaambia ukweli: ninaona wepesi. Mawingu yakikusanyika juu ya Yamumbi sasa ninafikiria mahindi yangu. Sioti tena viti. Wiki iliyopita niliona bango la sherehe fulani mjini na sikujiuliza waya wao unapita wapi. Niliwahangaikia watu wengi waliokosa, na siwasahau, lakini kuna mmoja alipata mbele ya macho yangu, na huyo ananitosha kulala.

Siku yangu ya mwisho Mzee Abdi alikuja ukumbini na makopo mawili. Mlango haukulia, kwa hiyo nilijua ni yeye. Alinitilia chai yangu mwenyewe, akaniketisha, akaanza. Ulitoka wapi? Barabara ilikuwaje? Nilimweleza ukungu wa siku ya kwanza, viatu vipya, mafuta ya cherehani. Nikamweleza kwamba miaka yote hii kazi yangu kubwa ilikuwa kukaa na mgongo mlangoni nikisikiliza nani anaingia, na anaingiaje. Akanywa chai yake. Kisha akaenda kwenye mlango, upande wa ndani, unaosomwa na anayetoka, akavuta kamba.

NENDA, TUMEKUSIKIA.

Kiprono alikuja kusimama kando yetu akasoma. Akauliza kwa heshima kama sasa, kwa kuwa fundi yuko hapa, hinji ile ya juu ingeweza kutengenezwa.

"Ni mlango wako sasa," nilimwambia.

Akamtazama Mzee Abdi. Mzee Abdi akafuta brashi yake. "Keti kwanza na mgongo pale," alisema, "halafu uniite."

Nilimpa Kiprono funguo. Nilichukua mkoba wangu na thamosi, nikaacha kichupa cha mafuta juu ya kabati. Nilipofika mlangoni niliyasoma maneno yale yakiwa bado mabichi, nikapita pembeni nisiyaguse, nikatoka kwenye jua la alasiri. Nyuma yangu Kiprono akaufunga mlango, kwa bega, kama ofisa, nao ukalia mpaka ng'ambo ya barabara.